Gari Bovu Apewe Mjane

Gari waliniachia kwa sababu lilikuwa limejaa kuku. Lingekuwa tupu wangelichukua.

Naanza na hilo ili anayesoma ajue mapema nimekaa upande gani. Kuna watu wema wameniambia, ukiandika mambo yako usitaje watu. Mie nitataja. Majina sitayaandika, maana majina yao wanayo pia watu wengine wasio na hatia, lakini wenyewe nitawataja mmoja mmoja, na wakijisoma watajijua.

Wa kwanza ni shemeji mkubwa, kaka wa marehemu mume wangu, mwenye duka la mabati na nondo. Huyo ndiye aliyechukua nyumba yetu ya Mtoni, vyumba vitatu na choo cha ndani, siku ya arobaini, watu hata pilau hawajamaliza. Wa pili ni shemeji mdogo. Huyo aling'oa injini ya Haisi, basi dogo la abiria la mume wangu, wakati mgonjwa bado yuko wodini, akasema anaipeleka sevisi. Injini ile mpaka leo iko sevisi. Wa tatu ni mjumbe wa nyumba kumi, aliyetia sahihi karatasi ya kikao bila kuuliza swali hata moja, kwa kuwa mdomo ulikuwa na nyama.

Kosa langu walilisema wazi: sikuzaa. Miaka kumi na tisa ya ndoa, tofali za ile nyumba nusu yake zimetoka kwenye cherehani yangu, nikishona siti za magari ya watu mpaka vidole vikaota sugu. "Hukutuachia mtoto," shemeji mkubwa akasema, "tukuachie nyumba ya nini?" Akaendelea kuandika. Maana alikuwa anaandika mwenyewe, kwa mwandiko wake uliolala kama nyasi zilizopitiwa na maji. Nyumba, kaka mkubwa. Pikapu, kaka mkubwa. Friji na makochi, shemeji mdogo. Walifika hadi kwenye ungo.

Ikabaki Haisi. Ilikuwa nyuma ya nyumba, juu ya matofali, haina injini, kuku wanatagia siti ya nyuma. Wakatazamana. Shemeji mdogo akasema, "Kaka, hilo bati kulihamisha tu ni mateso." Ndipo ukaandikwa mstari wa mwisho: Gari bovu, apewe mjane.

Nikaomba nakala. Wakacheka. "Mpeni, akaitie fremu."

Sikuitia fremu. Niliikunja mara nne nikaiweka ndani ya kopo la bobini za cherehani, na hapo ndipo ilipokaa miaka mitatu.

Haisi tuliivuta kwa kamba hadi Temeke, kwenye uwanja wa fundi mmoja wa kuchomelea ambaye nilikuwa napanga kibanda kwake, cherehani yangu mbele, na sasa kitanda changu nyuma. Kuku wote walishuka isipokuwa mmoja, mwekundu, ambaye alishika siti yake akahama na mie. Huyo nimeishi naye kuliko ndugu wengi.

Yule fundi ni Mzaramo, mie Mnyamwezi, kwa hiyo watani. Asiyejua utani atadhani tunachukiana. Siku Haisi ilipoingia uwanjani alizunguka mara mbili, akapiga teke tairi lisilo na upepo, akasema, "Mtani, hiki ni chuma chakavu. Kwa nini usiniachie nitengenezee majiko, angalau ukifa tukupikie?"

"Nitakufa baada yako. Nani atanililia kama si wewe?"

"Mie silii. Mtani halii, anakula tu."

Basi likakaa. Nikawa naweka humo magunia ya vipande vya sponji, vile vinavyobaki ukikata siti. Sponji haitupwi. Darasa la saba nilimaliza kwa kusukumwa, hesabu sikuwahi kuzielewa, lakini sponji naijua. Nikibonyeza godoro kwa kidole nitakwambia litabonyea mwezi wa ngapi.

Siku moja akaja mteja ambaye sikumzoea. Mzee wa Kikhoja kutoka Kawe, mtu wa zamani wa duka la vifaa vya umeme, duka sasa liko kwa wanawe, yeye kabaki na muda. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee." Akaitika marahaba, akanitazama kwa furaha, akasema, "Binti yangu, unaweza kushona godoro linalokunjika mara tatu likawa kiti?"

Binti yangu! Mie na mvi zangu. Nikasema naweza, ila nione linapolala. Akanionyesha nje. Kosta. Basi lile lile la abiria ambalo nimeshona siti zake maisha yangu yote, safu kwa safu, reksini nyekundu na nyeusi. Nikaingia.

Siti hakuna. Mkono wa kulia sinki, bomba, jiko la gesi la plate mbili. Kabati juu, zina vitasa vya kubonyeza ili zisifunguke barabarani. Kitanda nyuma chenye droo chini, pazia dirishani, taa ndogo zinazowashwa na sola ya juu ya paa. Choo! Kwenye kikabati cha kona, choo. Nilifungua mlango wa kile kikabati mara nne kuhakikisha hakijaondoka.

"Mzee, hii nyumba."

"Nyumba."

"Hii nyumba ina usukani."

"Binti yangu, ndiyo raha yake."

Nikaenda mbele nikakaa kwenye siti ya dereva. Nikageuka nyuma nikaona sinki. Nikageuka mbele nikaona barabara. Nikamuuliza, nikiwa sijui kwa nini sauti yangu imepanda, "Na wakija watu kuichukua?"

"Nani aje kuichukua?"

"Watu tu. Mashemeji."

Akafikiri. Mzee yule hakuwahi kulijibu swali bila kulipima. "Wakija mbele, unarudi nyuma," akasema. "Wakija nyuma, unakwenda mbele. Unawasha, unaondoka."

Nilicheka mpaka nikateleza kwenye kiti nikakaa chini. Nilicheka machozi. Mzee wa watu akaleta maji ya bomba la humo humo ndani, na kuona maji yanatoka kwenye gari kukanizidishia. Unawasha, unaondoka! Nyumba ya Mtoni niliishika kuta kwa mikono siku wananitoa, na kuta hazikunisaidia, zilikaa pale pale zikawasubiri wao. Hapo kwenye sakafu ya Kosta nikaamua: ile Haisi ya kuku itakuwa nyumba yangu, na haitatoka mikononi mwangu hadi nife.

Mzee akaniunganisha kwenye kundi lao la simu. Kumbe wapo! Watu wazima na akili zao wanaopenda magari ya kulala. Muuguzi mstaafu wa Madale aliyegeuza gari la kubebea maiti kuwa chumba cha kulala, akasema hakuna gari lililopata abiria watulivu kama lile. Mwalimu wa hesabu na mkewe, wenye kigari kidogo ambacho ukitaka kulala mmoja lazima atoe miguu dirishani. Halafu yupo braza mmoja wa Kinondoni, karani, ambaye hana gari. Hajawahi kuwa na gari. Lakini ana ramani ya gari-nyumba lake, ameichora miaka minne kwenye karatasi za mraba, na kila mtu akiuliza jambo yeye ndiye anayejibu kwa hasira zaidi.

Wanabishana, Mungu wangu. Wiki nzima waligombana juu ya bawaba za droo. Mie nilikuwa nalala na simu kifuani nikiwasikiliza, nacheka peke yangu gizani kama mwehu.

Injini niliipata kwa kazi: mwenye nayo alikuwa na magari sita ya abiria, nikamshonea siti zote sita. Ilichukua msimu mzima wa mvua. Kuendesha nilifundishwa na marehemu, na katika uwanja wa magereji ukikaa miaka ishirini hata ukuta unajua kurudi rivasi. Ile injini ilikuwa nzuri, ila stata yake, ya kuiwashia, ina tabia. Siku tatu inawaka, ya nne inagoma, unasikia "ta" moja tu, kisha kimya. Fundi wa injini akasema ibadilishwe. Nikasema tutaona.

Mtani ndiye aliyechukua kazi ya ndani. Hakutaka ushauri. Alisema ameshaona video kwenye simu ya mtu, Mzungu mmoja anageuza gari, mwanzo hadi mwisho, bila kuruka. "Mie kitu nikikiona mara moja nimekinasa."

"Umewahi kunasa nini zaidi ya homa?"

"Nyie Wanyamwezi babu zenu walibeba mizigo ya watu vichwani toka bara mpaka pwani. Leo wewe umechoka kubeba kwa kichwa, unataka kubeba nyumba kwa matairi. Nyamaza, niache nikusaidie kazi ya ukoo."

Nikamwachia. Mie nikabaki na magodoro yangu na kuta. Kati ya bodi na plaiwudi nilishindilia vile vipande vya sponji vya miaka mitatu, gunia baada ya gunia, joto lisipite. Mapazia nilikata kanga mpya. Siku nne yeye anachomelea ndani, kajifungia na turubai, hataki nione.

Siku ya tano akaniita. Nikaja na godoro kichwani, nimevaa nguo nzuri kabisa, na mafundi wote wa uwanja wamesimama. Nikasema, "Haya, nifungulie."

Akafungua mlango wa pembeni, ule wa kuvuta, krrrr, ukaenda mpaka mwisho. Nikaona ubao. Ubao mtupu, toka chini hadi kifuani kwangu.

"Mtani, naingilia wapi?"

"Hapo."

"Hapo pana ubao."

Akautazama ule ubao kama ndiyo kwanza wanaonana. "Huo ni mgongo wa jiko," akasema.

"Mlango uko wapi?"

"Upo."

"Upo wapi?"

"Upo nyuma ya jiko."

Mtu mmoja akaangusha spana. Mtani akatoa miwani yake ya kuchomelea, akaivaa, akaitoa tena. "Kwenye video mlango ulikuwa ule upande mwingine," akasema kwa sauti ndogo. "Jiko lilikuwa huku. Nimeweka vile vile. Inchi kwa inchi."

"Kwao wanapita kulia, zuzu wewe! Kwao abiria anashukia kulia! Wewe Temeke hapa umewahi kuona abiria anashukia katikati ya barabara?"

Jiko lilikuwa limechomelewa kwenye sakafu kwa miguu minane. Mtani hajui kuchomelea kidogo. Nikakaa juu ya jeki na nguo zangu nzuri. Nilitaka kumwaga matusi yote ya Unyamwezi, lakini nilipofungua mdomo kikatoka kicheko. Jamani, mtu ameziba mlango wa nyumba kwa jiko! Mume wangu angekuwepo angeanguka chini. Mtani akaniangalia kwa woga, halafu na yeye akaanza, hi hi hi, halafu uwanja mzima, kuku mwekundu akatoka chini ya kitanda anapiga kelele kuliko sote.

Tulipochoka nikasimama nikaugonga ule ubao. "Huu uondoe," nikasema. "Ubao tu. Jiko liache."

Akaukata. Nikasimama chini, nje, kwenye mchanga, miguu yangu ardhini, na mbele yangu usawa wa kiuno jiko limekaa, sufuria chini yake, sinki pembeni. Upepo unapita, moshi hauingii ndani, na mtu hainami. Mie miaka yote nimepika nimeinama. Nikawasha gesi, nikatia maji, nikapika chai ya uwanja mzima pale pale, watu wamejipanga mbele yangu kama kwenye kibanda cha chipsi. Mlango wa kuingilia tukaufanya ule wa nyuma, unaofunguka kwenda juu, nao ukawa kivuli. Mtani akachomelea ngazi ya hatua mbili kwa aibu, bila kuombwa.

Picha nikazituma kwenye kundi. Nilitegemea kuchekwa. Dakika chache tu kukalipuka. "Nani amefikiria hivi?" "Jiko linatazama nje!" "Fundi huyo yuko wapi?" Mwalimu wa hesabu akaandika kwamba mkewe amelitazama jiko lao na sasa hasemi naye. Yule braza asiye na gari akaandika baada ya siku mbili: "Nimechana ramani. Naanza upya."

Mtani alipoambiwa alikunja mikono kifuani. "Mie nilikusudia," akasema. Mpaka leo anasema alikusudia. Nimemwacha.

Sasa naomba nimtaje mkosaji wa nne, nao ni mdomo wangu. Nilipeleka mito kwa yule muuguzi wa Madale. Mlima ule wa Madale Haisi iliupanda kwa gia ya kwanza, inanguruma kama ng'ombe anayezaa, mie nimeng'ang'ania usukani nacheka, kuku nyuma. Katikati ya mlima, kando ya njia, nikamwona shemeji mkubwa. Amesimama mbele ya nyumba anayojenga huko, ghorofa, anaelekeza watu. Ningepita. Mwenye akili angepita. Mie nikasimama nikashusha kioo.

"Shikamoo shemeji."

Hakuitika. Alikuwa anasoma namba za gari. "Hili siyo lile la marehemu?"

"Ndilo." Nikashuka nikamfungulia na mlango wa pembeni, krrrr, aone jiko. Nikafungua bomba maji yakatoka. Nilitaka aumie, nasema kweli. "Jumapili naenda nalo Kimbiji," nikasema, "kuna watu wanakutana na magari yao. Wanasema langu ndilo la kwanza la aina yake."

Alitabasamu tu. Tabasamu lile nalijua. Alikuwa nalo siku ya arobaini.

Ijumaa akapiga simu. "Shemeji, familia imekaa."

"Imekaa wapi, mie sikuona kiti changu."

"Sikiliza. Tulikupa gari bovu. Si ndivyo ilivyoandikwa? Bovu. Hili tulilolikuta ni zima. Kwa hiyo siyo tulilokupa. Na kadi ya gari, jina la marehemu, ninayo mie."

Nilikata simu. Nilikwenda kukaa ndani ya Haisi, nimeshika lile jiko. Nikaona Mtoni yote inarudi. Nimeshona, nimeshindilia, nimepaka rangi, halafu wao wanakuja na kalamu. Mtani akaja akasimama kwenye ngazi yake ya aibu. Sikumweleza yote, nilimwambia tu wanalitaka gari.

"Utaenda Kimbiji?"

"Sijui."

"Nenda," akasema. "Ukibaki hapa watakukuta peke yako." Hapo hakutania.

Nikaenda. Walikutana kwenye shamba la minazi la ndugu yake mwalimu, magari kumi hivi yamepangwa kwa duara, kila moja limefunguliwa tumbo. Jamani watu wazima walivyokuwa! Wanaingia wanatoka, wanalala kwenye vitanda vya wenzao na viatu mkononi, wanavuta droo, wanapapasa mbao. "Sista, humu umeweka nini mbona hakuna joto?" "Sponji za siti." "Za siti!" Anaenda kumwambia mwenziwe, mwenziwe anakuja kubonyeza ukuta. Mzee wa Kawe alikuwa akiwaleta kwa makundi, kama mtu anayeonyesha mjukuu. Mie nimesimama mchangani mbele ya jiko langu nasukuma chapati, foleni mpaka kwenye mnazi wa tatu. Sijawahi kutazamwa hivyo na watu wengi na wote wanafurahi. Nilikuwa naona kama nimekunywa kitu.

Ikaja pikapu. Niliijua kabla haijasimama, ni ya mume wangu. Wakashuka shemeji mkubwa, shemeji mdogo, na wabeba nondo wawili wa dukani wenye vifua kama milango. Shemeji mkubwa ana kadi mkononi.

"Funguo," akasema.

Foleni ikageuka yote. Nikafuta unga mikononi, nikatoa kopo la bobini chini ya sinki, nikatoa karatasi, nikampa mzee wa Kawe asome. Akasoma polepole mpaka mstari wa mwisho. "Mwandiko huu wa nani?" akauliza.

"Wangu, sikatai," shemeji mkubwa akasema. "Lakini soma vizuri, mzee wangu. Bovu. Tulimpa gari bovu. Hili linatembea. Linapika chapati! Hili siyo bovu, hili ni mali ya familia."

Yule braza asiye na gari akanyoosha kidole kama yuko darasani. "Samahani mzee. Kwa hiyo likizima ni lake, likiwaka ni lako?"

Watu wakacheka. Shemeji mkubwa hakuzoea kuchekwa, dukani kwake wanaocheka ni wanaotaka punguzo. Akawaambia wale wabeba nondo, "Ingieni, litoeni hapa."

Wakaja. Wakafika mlango wa pembeni wakakuta kikaango cha mafuta ya moto. Wakarudi. Wakatafuta mlango mwingine, upande wa pili hakuna. Mie sikungoja wafike nyuma. Nilikimbia nikaubamiza mlango wa nyuma, nikapita mbele, nikaingia kwa dereva, nikabana vitasa, nikatia ufunguo. Wakija nyuma, unakwenda mbele. Nikazungusha.

"Ta."

Kimya. Nikazungusha tena. "Ta." Ilikuwa siku yake ya nne. Nikalaza kichwa kwenye usukani. Nikasema basi, nimekwisha, hata nyumba yenye matairi imenisaliti.

Na nje nikasikia sauti ya shemeji mdogo, ile ya furaha ya mwizi wa injini: "Mmeona? Bovu!" Na shemeji mkubwa, ambaye hajawahi kumwachia mdogo wake neno la mwisho, akaunguruma, "Bovu kabisa! Bati tupu!"

Halafu yule braza akaruka juu. "Bovu! Amesema bovu! Mmesikia wote, amesema bovu! Basi la mjane!"

Mlipuko uliotokea sijausikia hata kwenye goli la mpira. La mjane! La mjane! Na sijui nani akapaza sauti, nafikiri ni mke wa mwalimu: "Sukuma!"

Sasa, mtu wa Dar mwambie mengine yote atakuuliza kwa nini. Mwambie sukuma, ameshaweka mkono. Gari likisukumwa hakuna anayeuliza la nani, linakwenda wapi, dereva ana leseni. Mkono unakwenda wenyewe. Nikakanyaga klachi, nikaweka gia ya pili, nikaona kwenye kioo watu wanajaa nyuma yangu: mwalimu, muuguzi aliyekwisha kuzima gesi na kumkabidhi mwenziwe kikaango, mzee wa Kawe kashika kona moja kwa heshima. Na wale wabeba nondo wawili! Walisikia sukuma, wakainama, vifua vile vikalala kwenye mlango wangu wa nyuma. Na katikati yao, tai imetupwa begani, matako yametokeza, jasho linamtiririka, shemeji mkubwa mwenyewe. Anasukuma! Kadi kaibana kwa meno!

Nikaachia klachi. Haisi ikaruka, ikakohoa, ikawaka. Nikaondoka. Mlango wa pembeni uko wazi, mapazia yanapepea, vikombe vinalia, kuku mwekundu kasimama juu ya sinki kafungua mbawa, na mie napiga honi kwenye mashimo yote ya njia ya Kimbiji, nalia na kucheka, sijui kipi kilianza. Nilisimama mbali sana. Mzee wa Kawe akapiga simu. "Binti yangu, rudi. Wameondoka. Chapati tumemaliza, tunaomba radhi."

Mke wa mwalimu alikuwa amepiga picha wakati wanasukuma. Nilikwenda nayo mahakama ya mwanzo pamoja na ile karatasi. Shemeji mkubwa akaeleza kwamba gari ni la kwake. Hakimu, mama mmoja mwenye uso mkavu, akaitazama ile picha muda mrefu. Akauliza, "Mzee, hapa unafanya nini?" Shemeji akasema, "Nasukuma." "Gari lako?" "Ndiyo." "Akaondoka nalo nani?" Yule mama akainama kuandika kitu, na nikaona mabega yake yanatikisika.

Kadi sasa ina jina langu, imo kwenye kopo la bobini. Nyumba ya Mtoni sikuipata, na sijasamehe, nisije nikaonekana mtu mwema. Mara moja nilikwenda asubuhi nikaegesha ng'ambo ya barabara, nikafungua mlango, jiko likaitazama ile nyumba uso kwa uso. Nikapika chai. Mpangaji wa shemeji akatoka chumbani kwangu, akavuka na kikombe, akauliza nauza. Nikamwambia siuzi, leta nikumiminie.

Alipomaliza akasaidia kusukuma. Stata sijaitengeneza hadi leo. Fundi wa injini kila akiniona anasema kazi ya nusu saa tu, na mtani amejitolea mara tatu. Nawaambia iacheni. Shemeji mkubwa bado yuko hai, na kwa sheria aliyoiandika kwa mkono wake mwenyewe, gari hili likiwa zima kabisa linaweza likawa lake.